Mkeka Uliomponza Gahongayire

Nyakabanda,
Kigali.
27 Februari 1993

Mpendwa Dada Épiphanie,

Shikamoo. Natumaini mu wazima huko Ngara, wewe, shemeji Mutabazi na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui tena kama mwaka jana. Sisi tunapumua. Siku hizi ukiulizwa habari hapa Kigali, jibu hilo latosha.

Uliniuliza kama ni kweli nafundisha kufuma kwa kompyuta. Ni kweli, cheka tu. Kituo chetu kimeletewa kompyuta moja na kitanda kimoja cha kufumia. Kwenye kioo unachora miraba: mweusi maana yake uzi unainuka, mweupe unabaki chini. Wanafunzi wangu ni mabinti waliokulia juu ya mikeka na vikapu vya mama zao, basi kutwa wananisahihisha mimi, mwalimu wao.

Anayewapita wote ni Gahongayire, binti wa miaka kumi na tisa anayeishi na bibi yake kule Ndera. Niliamua tuuingize mkeka wa bibi huyo kwenye kompyuta, tupate kitambaa chenye nakshi ya kwetu. Niliingiza mwenyewe, nikachapa, nikampa Gahongayire karatasi ampelekee bibi aikague. Hapo ndipo nilipomponza.

Kwenye kizuizi cha barabara ya Ndera askari walimpekua. Wakakuta safu za miraba myeusi na myeupe, na namba pembeni, bila neno hata moja. Akasema ni mkeka. Mmoja akamjibu, "Hii haiko mkeka. Hii iko barua ya Inkotanyi." Wakamchukua kama mjumbe wa waasi.

Dada, nitakuambia ukweli hata kama utanidharau. Nilipopata habari nilikaa nyumbani siku mbili. Kitambulisho changu unajua kimeandikwa kabila gani. Nilijiambia kwamba nikienda tutafungwa wawili. Ulikuwa woga, basi.

Siku ya tatu nikasikia kwamba bibi ametembea kutoka Ndera hadi kituo cha askari na fungu la mafunjo kichwani. Aibu ikanitoa nyumbani. Mkubwa wao alikuwa amemwambia kama ule ni mkeka kweli, ausuke pale pale. Nilimkuta amekaa sakafuni, karatasi magotini. Hajui kusoma hata jina lake, lakini nilipomweleza maana ya miraba aliielewa upesi kuliko wanafunzi wangu.

Tulisimama tukiangalia vidole vyake. Alipofika safu ya kumi na mbili akaacha. Nilimsihi kwa macho aendelee, afuate karatasi tu. Akanigeukia, akauliza, "Nani ameharibu mkeka wangu?"

Mkubwa akataka kujua kuna nini. Nikakiri kwamba nilikosea, niliweka miraba miwili myeusi mahali pa mmoja. Bibi hakujali bunduki wala kofia. Alinigombeza kwa Kinyarwanda mbele ya wote, kwamba nimesoma hadi nimesahau kuhesabu, na akakataa katakata kusuka kosa langu. Askari wawili wakaanza kucheka. Mkubwa hakucheka. Alimtazama bibi, akanitazama mimi, kisha akaamuru binti atolewe. Karatasi alibaki nayo. Jina langu aliliandika, na kila Jumatatu naripoti kwake.

Gahongayire alitoka jicho limevimba, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Tangu siku ile askari wa kizuizini wamefika kwa bibi mara mbili kumwulizia binti. Bibi ndiye aliyeniagiza nimtafutie pa kwenda. Yeye mwenyewe hataki kusikia habari za kuondoka Ndera, na mimi nikikosekana Jumatatu moja tu watamrudia bibi.

Nisalimie sana shemeji, pia Shimwa na Kenny, na umwambie Kenny asome hesabu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na atukumbuke na sisi huku.

Sikukuomba ruhusa, dada, kwa sababu hapakuwa na muda. Binti aliyekupa barua hii ndiye Gahongayire. Ameishona kwenye upindo wa kitenge chake, akapanda lori la Munyakazi pale Kabuga, na vizuizi vya njiani sijui ni vingapi. Kama unasoma haya, amefika. Mpe uji, na leo usimwulize kitu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Silvère