Laptop ya mama imegoma

"Si unajiita fundi simu wewe? Basi iwashe!"

Oya Benson, ndivyo mzee alivyonifokea sasa hivi, mbele ya ndugu wote.

Ile laptop ya zamani ya marehemu mama imegoma kaka. Imegoma kabisaaa.

Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Nimechomoa betri, nimebonyeza swichi weee. Nikatoa na kile kikadi cha RAM nikakisugua kwa ufutio. Wapi!

Halafu diski inagonga ko ko ko.

Unakumbuka ile rekodi mama anaimba Kinyaturu? Imo humo tu, hatuna nyingine. Kesho misa ya kumbukumbu, watu wametoka mpaka Issuna waje wamsikie.

Nikamwambia mzee, baba, diski imekufa.

Akaniuliza taratibu, "Lakini sauti yake imo humo ndani?"

Nikasema imo.

"Basi itoe."

Itoe! Benson, itoe!! Nimekaa na bisibisi mkononi kama zezeta.

Mzee akasubiri.

Akainama, akapangusa mfuniko wa laptop kwa kiganja, akageuka, akaondoka zake.