Kisima Alichokificha Baba Somoe

Jumanne, Kismayu. Jua limekaa juu ya mabati kama lina kesi nasi, vumbi la malori limeingia hadi kwenye unga, na mimi nina hasira tangu jana. Hasira nzuri lakini, ya kumfanya mtu afanye kazi.

Nianze na la kujisifu, maana wanaonisoma wamezoea. Ile programu ya simu inayowaonyesha madereva wa malori njia ya kupita, penye maji safi, penye kivuli, penye zahanati, na inayowapigia kelele wakiendesha kutwa bila kushuka kunyoosha miguu, imetengenezwa na binti yangu Somoe. Somoe nimemzaa mimi. Akili hizo hakuziokota njiani.

Watu wanasema Wabajuni na malori wapi na wapi, sisi tujue mashua na nyavu. Wanasahau kwamba vita vilitutoa visiwani na kila mtu akashika alichokipata. Mume wangu Shee, mtoto wa kisiwa cha Chula, alishika usukani. Miaka mingi anapeleka mizigo ya bandarini huko bara, chai yake sukari tupu, mirungi shavuni asisinzie, mpaka ugonjwa wa sukari ukampata. Halafu siku moja akasinzia kweli. Lori likalala mtaroni, akarudi nyumbani mkono umevunjika, umefungwa shingoni. Mimi nililia. Somoe hakulia. Alifungua kompyuta.

Sasa la jana.

Mimi nauza mikate ya mofa na samaki kwenye kituo cha malori, kwa hiyo habari zote hunipitia kwanza. Abdi, dereva mwenzake Shee, alikuwa ameifuata programu hadi mahali ilipomwambia pana kisima. Hakukuta kisima. Alikuta miiba, gurudumu likapasuka, akakaa juani na chupa tupu mpaka lori jingine lilipopita. Akaja jana midomo imepasuka, akasimama mbele ya jiko langu ili wote wasikie.

"Eddo," akaniita, ndivyo Wasomali wanavyomwita shangazi, "binti yako ametutafutia kisima cha majini. Wanakunywa wao tu."

Wakacheka. Wakaanza kuifuta programu kwenye simu zao mmoja mmoja, huku wanatafuna mikate yangu. Jioni Somoe akasema, "Mama, na mimi naifuta. Basi."

Nikamwambia afute machozi kwanza.

Maana nilijua kisima kile kilitoka kwa nani. Somoe aliwauliza madereva wa zamani wanapumzika wapi, na wa kwanza kuulizwa alikuwa babake. Na Shee ni mvuvi aliyezaliwa na wavuvi. Visiwani ukimuuliza mtu samaki hawa umewapata wapi, atakuonyesha upande wa kisiwa cha Koyama ilhali ametoka kwengine kabisa. Mchu hamwonyeshi mchu mwamba wake, yaani mtu hamwonyeshi mwenzake anapovulia, ndivyo tulivyolelewa. Wala hatuuiti uongo, kwa sababu anayeuliza mwenyewe anajua hatajibiwa.

Lakini Abdi ametoka kwa watu wa ngamia. Kwao mwenye kiu akiuliza maji, anaonyeshwa maji.

Leo asubuhi nikamnyima Shee chai mpaka aseme. Akatabasamu. Eti kisima kipo, ila ni mbele zaidi, baada ya daraja lililovunjika, chini ya mgunga mkubwa. Maji baridi, kivuli kizuri, ndipo anapopumzikia na maradhi yake. "Wakijua wote, Mama Somoe, yatakwisha."

Nikamwambia, hiyo ni hesabu ya wavuvi, samaki wakikwisha utakula maharagwe. Abdi akifa kiu, mkewe atakaa eda kwa ajili yako, na jina litakalotajwa ni la mwanao.

Tabasamu likaondoka.

Nikamshika mkono ule ule uliowahi kuvunjika, nikampeleka kituoni mbele ya wanaume wenzake. Akasema kwa Kisomali, polepole, kwamba mtoto hana kosa, yeye ndiye aliyempa mahali pasipo na kisima. Safari hii hakucheka mtu. Abdi akasema, "Kwetu, anayempoteza mwenye kiu hatuli naye."

Shee akainamisha kichwa. Ilinichoma, ni mume wangu. Lakini sikumtetea. Nikasema tu, na sauti yangu mnaijua: "Leo mtakula naye, maana mikate ni yangu. Kisha mtamfuata."

Wakala. Shee akaondoka mbele na lori lake kwenda kisimani, Abdi nyuma, na programu imerudi kwenye simu ya Abdi. Mahali pa kisima Somoe alikuwa amesharekebisha mwenyewe, macho mekundu.

Nimeshinda na simu kando ya jiko. Mikate imeungua. Atakayenicheka, na yeye azae kwanza, kisha asubiri.

Alasiri ndipo ilipoingia simuni sauti ya Abdi. Kwanza nilisikia maji yakimiminwa, mengi, ya mtu asiyebania. Kisha: "Eddo, mwambie Somoe kisima kipo. Na mzee wake amelala chini ya mti. Simu ilimpigia kelele kwamba amechoka, naye akatii kama mtoto wa chuo cha Kurani."

Somoe aliisikiliza na kuirudia mpaka nikamnyang'anya simu.

Haya, nyinyi mnaosema binti wa Kibajuni hajui barabara, semeni tena. Mimi niko hapa hapa kituoni, sijahama.

Magharibi inakaribia, Shee naye ameleta sauti yake, ya chini, ya mtu anayetoa mfukoni kitu alichokaa nacho muda mrefu: "Mama Somoe, mwambie mtoto aandike. Kuna vingine viwili."

Viwili. Miaka yote hii nampikia mtu huyu.

Akirudi, chai yake itamngoja mezani, bila sukari. Na hataigusa mpaka Somoe aone vyote kwenye ramani.