Mpira Ndani ya Faiba

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Kabla hujakaa vizuri, ujue kwamba hapa Temeke hakuna mashine inayotetemeka bila ruhusa yangu. Goti lako limepunguza kuuma? Mie mzima, ila mikono inawasha na usingizi siupati.

Tangu kiwanda kitupunguze, niko karakana ya Bwana Murtaza. Tunatengeneza vitu vya faiba: nyuzi za kioo unazilaza kwenye umbo, unazipaka gundi, zikikauka ni ngumu kama jiwe na nyepesi kama ungo. Mama Chiku, mwenye mashine ya kusaga pale Mtoni, alitaka kifuniko kikubwa cha injini. Cha kwanza kilipasuka kwa mtetemo. Cha pili nikakiongezea nyuzi kiwe kigumu zaidi. Kikazidi kelele, kisha nacho kikapasuka.

Mama Chiku akaja juu. "Fundi, umeniuzia kifuniko au ngoma? Wateja naongea nao kwa vidole!"

Bwana Murtaza akanivuta pembeni. "Athumani, cha tatu kikipasuka, usirudi."

Dada, kwa umri huu nani ataniajiri tena? Nilizunguka karakana kutwa nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Basi cha tatu kina mpira wa ndani wa tairi la lori, katikati ya faiba, kama nyama ndani ya sambusa. Mtetemo ukiingia, mpira unaumeza. Mashine ilipowashwa nikaweka glasi ya maji juu ya kifuniko. Halikumwagika hata tone! Mtoto mchanga angelala pale mpaka adhuhuri. Mama Chiku akacheka, "Leo nasikia mpaka njaa yangu!"

Wiki ya tatu sasa, hakina ufa. Bwana Murtaza anataka vingine sita, na Jumatatu nisimame mbele ya mafundi wote niwaeleze nilivyogundua. Nakaa, nasimama, naenda mlangoni, narudi.

Nisalimie shemeji Omari, mumeo, na Bi Tatu, mama yetu mdogo. Watoto waambie mjomba wao sasa ni mtaalamu.

Nduguyo,
Fundi Athumani

Dada, hapa chini usiwasomee. Ule mpira sikuuweka kwa akili. Ndio niliokuwa nimeutandika chini ya magoti yangu ndani ya umbo wakati wa kupaka. Ukanasa kwenye gundi, kuung'oa nikashindwa, na Bwana Murtaza huyo anakuja. Nikaufunika kwa nyuzi, nikanyamaza.