Chini ya Blanketi la Mganga

Bariadi, Jumatano, Septemba 1996

Bado nanuka majani. Mganga aliyeletwa na mama mkwe alinifunika blanketi juu ya sufuria inayochemka, nikajifukiza mpaka macho yakaingia ukungu na miguu ikagoma kabisa.

"Ugonjwa unatoka huo," akasema.

Hautoki. Daktari wa Mwanza, aliyeuita maltipo sklerosisi, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, alinionya kwamba joto huuzidisha na dawa ya kuuponya hakuna. Mwezi uliopita tiba ilikuwa mafuta ya samaki, kutoka duka jipya la dawa pale sokoni. Hayo angalau hayachemshwi.

Mama mkwe ndiye aliyelivuta blanketi. Akanimwagia maji ya mtungini kichwani, mbele ya mganga, bila kumwomba radhi. Baada ya nusu saa nikasimama.

"Mbona hukusema joto linakudhuru?" mama mkwe akaniuliza.

"Ni heshima tu, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma chake.

Akasema kesho atanikanda miguu kwa samli, basi. Kukandwa huko hakuponyi, ila misuli hulegea nikapata usingizi.

Nimemdanganya, lakini. Haikuwa heshima. Nilitaka daktari awe amekosea.