Nusu ya Vidonge

Ng'ambo, Unguja
6 Machi 1971

Kwa mpwa wangu Silima,

Salamu nyingi, na baridi ya huko Ujerumani isikuzidi. Sisi hatujambo, ila hospitali walinipiga picha ya kifua wakasema nna kifua kikuu. Daktari alipoitazama aliwaita wenzake wanne waje waone, maana hajapata kuona mapafu makubwa namna ile. Nimepewa vidonge vya kumeza mwaka mzima na zaidi. Huu mwezi wa pili, na jana nimebeba magunia mawili ya karafuu, moja kila bega.

Mama yako naye anakohoa vile vile, na hospitali hataki kusikia. Dada yako Wanu keshaposwa, na wakwe wakijua nyumbani mna kifua kikuu wataivunja posa. Usitie shaka. Vidonge vyangu nampa nusu. Mwili kama wangu nusu unautosha.

Mjomba wako,
Mkadam, mlinzi wa ghala


Leipzig
29 Machi 1971

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na leo maabara ya chuo cha udaktari nimevunja chupa mbili.

Ndani ya damu mna askari. Akikutana na mdudu hummeza, na tumboni mwake mna maji makali ya kumyeyusha. Mdudu wa kifua kikuu humezwa kama wengine, lakini akishaingia huyazuia yale maji yasimfikie. Hukaa humo humo ndani ya askari, akala, akazaana. Askari wengine wakipita humwona mwenzao tu, aliyemo ndani hawamwoni. Ndiyo maana mtu hujiona kapona. Dawa kamili, kwa muda wake wote, humfuata hata humo. Nusu haimuui, inamzoesha.

Meza vyako vyote. Mama naye apate vyake. Msomee barua hii neno kwa neno, aende hospitali kesho. Mchumba mwingine atapatikana.

Mpwa wako,
Silima


Ng'ambo
2 Mei 1971

Mpwa wangu, marahaba.

Sisi wazima, kikohozi ni cha vumbi tu. Umenichekesha. Miaka kumi na tisa nalinda ghala, na mwizi hajapata kujificha ndani nisimjue. Mmoja nilimkamata kwa kumnusa, na ghala zima linanuka karafuu. Hao askari wenu labda wamelala.

Mama yako nimemsomea barua, amefurahi mno, anakuombea dua. Harusi mwezi wa saba. Ikishapita tutakwenda huko hospitali.

Mjomba wako,
Mkadam


Leipzig
20 Agosti 1971

Mjomba, shikamoo.

Hii ya tatu naandika bila jibu. Hali ya mama je? Harusi imekwisha, mmekwenda? Nimeomba ruhusa ya kuja, wamesema mpaka nimalize mitihani.

Na jambo moja halinitoki. Uliandika kwamba amefurahi. Barua ile haikuwa ya kumfurahisha mtu.

Mpwa wako,
Silima


Ng'ambo
11 Januari 1972

Silima,

Sijui nianze na salamu gani. Mama yako tumemzika juzi, makaburi ya Mwanakwerekwe.

Siku ya harusi hakuweza kusimama, tulimkalisha kitini akawa anapokea mikono ya wageni. Wiki ile ile nikampeleka. Walimpa dawa, hazikumfaa kitu. Daktari kasema wadudu washazizoea, wake na wangu pia. Akaniuliza vidonge vyangu nilivimezaje. Nikamwambia. Akaandika.

Barua yako sikumsomea. Nilishika karatasi yako nikasoma ya kwangu, kwamba umesema atapona, kwamba walimu wako wanakusifu. Akaipenda. Kila Ijumaa akitaka nimsomee tena, na ikinibidi nikumbuke nilitunga nini. Mara moja nilikosea nikataja mji mwingine. Akanisahihisha, "Leipzig, kaka."

Magunia yale sikubeba. Na daktari hakumwita mtu.

Mie siku hizi natema damu. Ghalani wameweka mwengine.

Wanu anadhani mamaake kafa kwa uchovu wa shughuli za harusi. Naye keshaanza kukohoa, na kwa mumewe hajasema. Usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Kusoma anajua.

Mjomba