Barua Iliyosahauliwa na Flashi

Kamwene, Mama Upendo!

Natangaza rasmi kwamba mumeo sasa ni mtu wa siri. Hapa Mbeya kompyuta ya kafe naiwasha kwa flashi yangu, yenye mfumo wake mzima wa kuendesha kompyuta. Ukiichomoa, inasahau kila ulichoandika. Dada wa kafe kanicheka: "Baba, unaficha mchepuko?"

"Namwandikia mke wangu, yuko nyumbani Kihesa."

"Ndo umfiche hivyo?"

Nje ukungu na mvua, nami nikajaza kurasa tatu za jinsi kitanda kilivyo baridi bila mgongo wako. Dada aliposogea kusoma, nikachomoa flashi kabla sijatuma. Zote zikapotea. Basi narudia kwa kalamu, kwenye kadi ya posta: nimekukumbuka, mke wangu, hadi ule ukoko wa ugali wako. Jifunike vizuri.

Kadi hii haina bahasha; watu wote wa posta wataisoma.