Pigo la Sitini na Moja

S.L.P. 41,
Pruett, Kansas.
9 Juni 1987.

Mpendwa kaka Milo,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Maxine na kwa watoto. Mgongo unaendeleaje? Huko Alaska jua limewakumbuka, au bado mnalala na soksi? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto ni lile lile, likiuma najua mvua inakuja, na mwezi huu limeuma kwelikweli. Ngano imeanza kugeuka rangi. Mvua ya mawe isipotuonea, wiki mbili zijazo mashine zitaingia shambani. Kendall wako ni mzima, anakula kama hizo mashine zenyewe.

Barua yako ya tarehe ishirini Mei niliipata. Najua nimechelewa kujibu, na usinitafutie udhuru wa goti. Nilikuwa naogopa tu.

Kwanza nikupe habari njema, maana zipo, na sitaki zife kwa ajili yangu. Chuo chetu cha Tillery, hiki wanachokiita chuo cha wachunga ng'ombe, mwaka huu kimewafunga watu midomo. Wachezaji wetu watano wa besiboli wametajwa kwenye kikosi bora cha ligi. Yule mrushaji mrefu, mtoto wa mwenye bucha, amepewa tuzo ya mrushaji bora. Kocha naye amechaguliwa kocha wa mwaka, na usiku wa chakula cha tuzo alisimama kushukuru akalia mpaka mkewe akamvuta koti akae, viazi vinapoa.

Kendall ni mmoja wa hao watano. Tena amepata heshima ya masomo, maana alama zake za hesabu ni za juu kuliko za mchezaji mwingine yeyote wa ligi. Hizo mbili ni zake, amezitolea jasho, hakuna wa kumnyang'anya. Katundike hizo.

Lakini wewe hukuniuliza habari ya hizo. Uliniomba kile kibao cha mpigaji bora wa ligi, ukitundike kantini pale kazini kwako, wenzako wakione. Kaka, kile kibao sikitumi. Hakikuwa cha Kendall. Mimi ndiye niliyempa, na nilikiiba mahali. Tafadhali usiikunje barua, soma mpaka mwisho.

Unajua nimekuwa karani wa mchezo pale uwanjani miaka ishirini na miwili. Naketi kwenye kibanda juu, dirisha wazi, kitabu mbele yangu, na kila mpira unaopigwa nauandika. Kazi yote ni nyepesi isipokuwa jambo moja. Mtu akipiga mpira kwa gongo akafika kituo cha kwanza salama, ni mimi ninayeamua: amefika kwa uhodari wake, au amefika kwa sababu mlinzi kauharibu mpira ambao angeudaka hata bibi yangu? Nikisema pigo, mpigaji anahesabiwa. Nikisema kosa, mpigaji hapati kitu na mlinzi anaandikiwa kosa. Hakuna wa kuniuliza. Nabonyeza swichi, taa inawaka kwenye ubao, basi.

Miaka yote hiyo, Milo, sikumpendelea mtu. Hata kocha alikuwa akija kunibembeleza kwa pai ya cheri, naila pai yake na uamuzi hauondoki. Watu walinichukia kwa hilo, nami nilijivuna kwa hilo. Nilikuwa najiona.

Siku ya mchezo wa mwisho walikuja wale wa mji wa reli. Mlinzi wao wa katikati ni kijana anaitwa Gilbert Arellano, baba yake ni fundi wa relini. Huyo na Kendall ndio walikuwa wakifukuzana kwa kupiga mwaka mzima. Hesabu zote mbili nilikuwa nazo mimi. Kendall alipoingia kupiga mara yake ya mwisho alikuwa na mapigo sitini. Akipata la sitini na moja anampita Gilbert kwa unywele. Akikosa, tuzo ni ya Gilbert.

Kendall akaupiga mpira ukaenda chinichini, taratibu, moja kwa moja kwa Gilbert. Mtoto wa watu akainama, mpira ukaingia kwenye glavu, ukatoka, ukaanguka miguuni pake. Kendall akapita kituo salama. Lilikuwa kosa, kaka. Kipofu angeliona. Mtangazaji aliyeketi kando yangu alikuwa ameshafungua mdomo aseme kosa, akanigeukia kwa desturi tu.

Nami nikamwona marehemu mkeo Lorene kwenye ile shingo ya mwanawe Kendall. Nikakuona na wewe huko uliko, miaka saba hujaja. Nikasema, "Pigo." Mtangazaji akasema, "Verna?" Nikamwambia, "Umeziba masikio? Nimesema pigo." Taa ikawaka, uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Ningeishia hapo ningekuwa mwizi tu. Mchezo ulipokwisha nilishuka na kitabu changu, watu wetu wamenizunguka wakinipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyepiga. Akaja Gilbert, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama. Ule mpira ulikuwa wangu. Niliudaka nikauachia. Naomba uniandikie kosa."

Ningeweza kumjibu kwa neno moja la heshima. Badala yake nilipaza sauti wote wasikie: "Ahaa! Tuzo imekuponyoka, sasa unaitafuta kwa karani? Mwanangu, makombe hupatikana kwa gongo, si kwa kupigapiga magoti!" Watu wakaangua kicheko. Kuna mmoja akaongeza, "Mpe leso, mama!" Yule kijana akawa mwekundu mpaka shingoni, akasema, "Samahani kwa kukusumbua," akavaa kofia yake akaenda kwenye basi lao.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Marehemu mama alituambia hilo mara ngapi? Na mimi mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, mwalimu wa watoto kanisani, nikamfanyia hivyo mtoto aliyekuja kusema ukweli.

Ligi yetu humpa karani siku nzima ya kubadili uamuzi wake. Siku ile nzima niliosha mapazia. Nilikuwa sijayaosha tangu Krismasi, siku ile ndiyo nikaona yana uchafu. Saa ya mwisho ilipopita nikajiambia yamekwisha.

Usiku wa tuzo walimwita Kendall mbele. Alikipokea kile kibao kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani aliyejikojolea. Nilidhani ni haya ya ujana. Nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwaka.

Kisha ndiyo ikaja barua yako. Nikatafuta boksi na magazeti, niko jikoni nakifunga, Kendall akaingia.

"Shangazi, usikitume hicho."

"Na kwa nini? Baba yako amekiomba kwa mwandiko wake mwenyewe, na wewe unajua mwandiko wake ulivyo adimu."

"Si changu. Na wewe unajua si changu."

Nikajitia ukali. "Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Hakuna. Nilikuwa nakimbia, nikauona ukidondoka. Nilipofika kituoni nikatazama juu dirishani kwako, ukainamisha kichwa. Shangazi, wewe huwa huinamishi kichwa."

Milo, nikavuta kiti nikakaa. Nikamuuliza, kama ulijua siku zote hizo, mbona ulinyamaza? Akachezea kamba ya boksi. Halafu akasema, "Wiki ile baba alinipigia simu mara tatu."

Nimemlea mtoto huyu tangu ana miaka kumi na minne, na nilijua alivyokuwa akihesabu simu zako, ila sikujua kwamba angekubali kubeba uongo wangu ili apate ya tatu. Tulilia wote wawili pale jikoni, mimi kwa kelele, yeye kwa kunigeuzia mgongo kama mlivyo nyinyi wanaume wa kwetu.

Kesho yake nikawaandikia wakubwa wa ligi, nikaeleza yote bila kujisafisha. Nikarudisha na kitabu na ule ufunguo wa kibanda. Sikungoja wanifukuze, na kwa kweli hawakujaribu kunizuia. Walirekebisha hesabu, Gilbert wa kwanza, Kendall wa pili, wakatuma kibati kipya chenye jina la Gilbert. Waliandika kwamba wangempelekea wao. Nikawajibu kwamba kumtukana nilimtukana mimi mwenyewe, hivyo kupeleka nitapeleka mwenyewe. Kendall akachukua bisibisi, akatoa jina lake, akafunga la mwenzake. Mimi nilimshikia tochi ya kumulikia.

Jumamosi tukaenda, maili sitini. Nyumba yao ipo karibu kabisa na reli. Mama yake ndiye aliyefungua mlango. Nikaanza kujieleza mimi ni nani, akanikata.

"Nakujua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanangu siku ile. Nilimshonea shati lile mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Dada, nilimwonea mwanao mara mbili. Kwanza kwenye kitabu, halafu mbele za watu. Alisema kweli, nami nikamfanya mwongo. Nimekuja kuomba msamaha."

"Walicheka mpaka tukafika kwenye basi," akasema. "Wewe ulikuwa unacheka pia."

"Nilicheka."

"Haya." Akausukuma mlango wazi. "Hukukana. Ingieni."

Gilbert alikuwa nyuma anakata majani, akaja kaloa jasho. Kendall akampa kile kibao, akamwambia, "Ni chako, kaka. Kilikuwa chako tangu mwanzo. Nilijua nikanyamaza, nisamehe." Gilbert akakipokea, akakisoma, akampa mama yake. Mama akakipangusa kwa aproni ingawa kilikuwa safi. Nami nikarudia maneno yangu ya mlangoni, mbele yake, yote, na yale ya magoti nikayataja kama nilivyoyasema, nisijifanye nimesahau.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu, Milo, unajua alichoniuliza?

"Na lile kosa langu, mama, umeliandika?"

Nikamwambia nimeliandika.

"Basi sawa," akasema. "Nilitaka liandikwe. Glavu niliifungua mapema."

Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka tangu siku ile. Hesabu za tuzo hata hakuwa nazo kichwani, kocha wao alimwambia kwenye basi. Na mimi nikampima kwa kibaba changu mwenyewe, nikadhani kila mtu ana roho kama yangu. Mama yake alitulisha maharage na nyama, nikala.

Sasa nifike kwako. Kasirika nami, una haki. Umeshawaambia watu wa kantini, na najua ulivyo, itakubidi urudi ukawaambie vingine, na hilo nimekusababishia mimi. Niandikie maneno makali utakavyo. Nitayasoma yote.

Lakini mwanao usimkasirikie, wala usimnyamazie. Kunyamaza kwako yeye anakusoma kuliko unavyodhani. Ana mapigo sitini safi ambayo hakuna karani aliyemwongezea hata moja, na siku ile kwa Arellano alisimama mbele ya mtu aliyemkosea akasema "nilijua". Mimi ilinichukua wiki tatu na mapazia yote ya nyumba. Umezaa mtu, kaka, na hujamwambia bado.

Wifi Maxine nampa pole ya kazi, mwambie ile sweta ya mtoto imebaki mkono mmoja. Wabusu watoto wote wawili. Mjomba Reuben anawasalimu, jicho lake moja sasa linaona vizuri na anamkemea kila mtu kwa mambo aliyokuwa hayaoni zamani. Binamu Leota naye anawasalimu.

Mungu akulinde na barafu na mashine za huko, akulainishie moyo kuelekea kwangu kwa wakati wake. Kwangu si haraka.

Kwa Kendall ni haraka. Amekataa kwenda kumsaidia Reuben shambani wiki hii, anasema atabaki nyumbani kunisaidia kazi. Kazi yenyewe hakuna. Simu ikilia anainuka kabla yangu, akisikia si wewe ananipa mkono wa simu na kutoka nje. Leo ametoka mara nne. Mpigie, Milo.

Mimi dada yako, mwenye aibu na mwenye kukupenda,
Verna